Shajara ya mradi wa tela: petroli au dizeli kwenye milima ya Colorado

11 Januari 2025

Mradi umeiva kiasi cha kuandikwa. Mimi na shemeji yangu tunaishi Aurora, mashariki mwa Denver, na tunanunua pikapu moja na tela moja la kubebea magari mawili. Kazi ipo tayari. Kuna wauza magari wa Grand Junction wanaonunua kwenye minada ya huku, na kila wiki wanahangaika kutafuta mtu wa kuwafikishia. Ni kilomita 390 hivi kwa barabara kuu ya I-70, na sehemu kubwa ya safari ni milima. Mke wangu ndiye mshika hesabu. Ametuambia wazi kwamba akiba ya familia haiguswi mpaka aone kwa maandishi kwa nini tumechagua gari hili tukaacha lile. Basi shajara hii ni yake kwanza, kisha ni ya yeyote anayesoma Kiswahili na anaifikiria kazi ya aina hii huku Marekani.

Kinachotugawa ni petroli au dizeli. Shemeji anataka dizeli, na hoja yake ni fupi: mzigo ni dizeli. Mke wangu anataka petroli kwa sababu ameona bei za kutengeneza dizeli za kisasa. Mimi nataka tupime kwanza.

18 Januari

Tumeanza na tela, kwa kuwa tela ndilo linaloamua pikapu. Tulilochagua ni la gusineki: shingo yake hupita juu ya mkia wa pikapu na kukaa kwenye tufe la chuma lililofungwa katikati ya bodi, karibu na ekseli ya nyuma. Halichezi mkia kwenye upepo kama tela la kufungwa nyuma ya bampa, na sisi tunapita kwenye makorongo yenye upepo mkali. Kikomo chake ni pauni 14,000. Likiwa tupu lina pauni 4,800, na magari mawili ya kawaida ni kama pauni 8,000. Jumla pauni 12,800, yaani kilo 5,800.

Sasa, tela la namna hii hulaza kama asilimia 20 ya uzito wake mgongoni mwa pikapu. Hizo ni pauni 2,560. Ongeza watu wawili, ongeza chuma cha kuungia, minyororo ya theluji na vifaa, unavuka pauni 3,100. Namba hii ndiyo tuliyotembea nayo mfukoni.

Matangazo ya pikapu yanapotosha hapa. Yanapiga kelele kuhusu uzito ambao gari linaweza kuvuta, lakini kuvuta na kubeba ni mambo mawili. Uzito ambao gari lenyewe linaruhusiwa kubeba umeandikwa kwenye kibandiko chenye rangi ya njano, kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kila gari lina namba yake. Tulikwenda kwenye yadi za magari yaliyotumika, shemeji akishika tochi, mimi daftari, tukawa tunafungua milango na kusoma vibandiko tu, hatukuuliza bei. Pikapu za daraja la 250 (jina la Ford) na 2500 (jina la GM na Ram) zenye dizeli: nyingi zilikuwa karibu pauni 2,100. Za daraja hilohilo zenye petroli: karibu 2,900. Sababu ni kwamba injini ya dizeli na vikorokoro vyake ni nzito kwa mamia ya pauni, na kwa kuwa kikomo cha gari zima mara nyingi ni pauni 10,000 kwa zote mbili, kila pauni ya injini inakatwa kwenye mzigo. Kwa hiyo pikapu ya dizeli inayotangazwa kwa misuli inaweza kushindwa kubeba shingo ya tela ambalo injini yake ingelivuta bila jasho. Kwetu sisi zote mbili zimeanguka, ya petroli kwa pauni chache, ya dizeli kwa nyingi.

Daraja linalofuata juu, la 350 na 3500, ndilo linalofaa. Kwenye vibandiko tulivyosoma, dizeli zilikuwa karibu 3,600 na petroli karibu 4,000.

Shemeji alitamani yenye matairi manne nyuma, na kweli hutulia zaidi barabarani. Lakini hiyo ina kikomo cha pauni 14,000 peke yake, ukijumlisha na tela unafika 28,000, na kuanzia pauni 26,001 sheria inataka leseni ya biashara ya daraja A. Hatuna leseni hiyo bado. Pikapu yenye kikomo cha 11,500 pamoja na tela la 14,000 ni 25,500. Tunabaki hapo.

Hata bila leseni hiyo hatukwepi namba ya USDOT, yaani ya wizara ya uchukuzi, kibali cha kubebea watu mizigo, kadi ya daktari, kifaa cha kurekodi saa za dereva, na bima isiyopungua dola 750,000. Mke wangu ameshaanza kujaza fomu.

25 Januari

Injini kwenye karatasi. Kwa petroli, Ford ana V8 ya lita 7.3 iliyoanza na magari ya mwaka 2020, nguvu za farasi 430 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya newtonmita 644. GM ana ya lita 6.6, farasi 401 na newtonmita 629. Ram ana ya lita 6.4, farasi 410 na newtonmita 582. Dizeli ya Ford ya lita 6.7 ya mwaka uleule wa 2020 inatoa farasi 475 na newtonmita 1,424. Dizeli ya GM iitwayo Duramax, kabla haijaongezwa nguvu mwaka 2024, farasi 445 na newtonmita 1,234. Dizeli ya Ram iitwayo Cummins, ile yenye nguvu zaidi, ilifika newtonmita 1,356 mwaka 2019.

Ukitazama farasi tu, petroli haiko mbali. Tofauti iko kwenye toki na inapopatikana. Dizeli ya Ford inatoa toki yake yote kwenye mizunguko 1,600 kwa dakika, V8 ya petroli inaisubiri mpaka 4,000. Kwenye mlima hiyo ndiyo tofauti kati ya injini inayonguruma chini chini na injini inayolia.

Kuna jambo la pili ambalo kwa mtu wa Houston au Florida si kitu, kwetu ni kubwa. Injini isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa ndani, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Denver yenyewe iko mita 1,609. Handaki la Eisenhower kwenye I-70 linafika mita 3,401. Pale juu farasi 430 wa V8 wanabaki kama 290. Dizeli zote hizi zina tabo, nayo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Pikapu nyepesi za petroli zenye tabo zipo, lakini haziwezi kubeba shingo ya tela letu.

Ndiyo maana sizitegemei sana namba za kuvuta za kwenye matangazo. Kipimo cha J2807 cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, ni kipimo kizuri: gari linavuta mzigo wake kwenye mlima wa Davis Dam, Arizona, zaidi ya kilomita 18 za kupanda, kwenye joto la nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa juu kabisa, na pikapu yenye matairi mawili nyuma hairuhusiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Lakini kilele cha pale ni kama mita 1,100. Sisi tunaanza safari tukiwa juu kuliko kilele hicho.

2 Februari

Hesabu ya mafuta, jikoni, na mke wangu akiwa na kikokotoo chake. Tumekisia maili 45,000 kwa mwaka. Kutoka kwa watu wanaofanya kazi hii, wastani wa kwenda na mzigo na kurudi mtupu ni kama maili 8.5 kwa galoni kwa petroli, na 12 kwa dizeli. Dizeli ina nishati zaidi kwa kila galoni, asilimia 12 hivi, na injini yake inaitumia vizuri zaidi. Tumeweka dola 3.00 kwa galoni ya petroli na 3.60 kwa ya dizeli.

Petroli: galoni 5,294, dola 15,882. Dizeli: galoni 3,750, dola 13,500. Tofauti ni kama dola 2,400 kwa mwaka. Toa maji ya urea yanayosafisha moshi, toa oili inayoingia lita 12 badala ya 8 hivi, toa filta za mafuta ambazo petroli haina habari nazo. Inabaki dola 1,500. Kwenye magari yaliyotumika tunayoyaangalia, dizeli iko juu kwa kama dola 9,000. Miaka 6 kuzirudisha kwa mafuta peke yake, na kosa moja kwenye mfumo wa moshi linafuta akiba ya mwaka mzima. Shemeji alisema kweli kwamba dizeli hushika bei siku ya kuuza. Hata hivyo kwenye daftari la mke wangu petroli imeongoza, na mimi nilikubaliana naye. Mtu asinunue dizeli kwa sababu ya mafuta pekee, labda awe anakimbia maili nyingi mno.

Jambo dogo kwa watakaochagua petroli huku: pampu za Colorado huuza petroli ya kawaida ya okteni 85. Ukiwa na tela nyuma usiiguse. Soma kitabu cha gari, weka 87 au zaidi, kama kinavyotaka.

9 Februari

Asubuhi ya leo ni baridi kali, theluji hadi magotini. Dizeli ya kawaida huanza kuganda kwenye baridi hii, inabidi ununue iliyochanganywa kwa ajili ya majira ya baridi na uchomeke hita ya injini usiku. Maji ya urea huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, ingawa tangi lake lina hita yake. Petroli unawasha unaondoka. Alama nyingine kwa upande wa mke wangu.

15 Februari

Leo tumekwenda kumwamkia baba mkwe. Amestaafu, anaishi na binti yake mkubwa hapa Aurora, lakini miaka yake ya nguvu aliimalizia kwenye semi-tela kati ya Dar es Salaam, Tunduma na Lubumbashi. Baada ya shikamoo na chai, tulimwekea daftari mezani. Alisikiliza kila kitu, farasi, toki, galoni. Kisha akauliza:

“Na kushuka mmeandika wapi?”

Hatukuwa na ukurasa huo.

“Kitonga,” akasema, akimaanisha mlima ule wa Iringa, “lori lililoshindwa kupanda nilikuwa nalikuta limepaki pembeni, utingo ameweka mawe. Lililoshindwa kushuka nilikuwa nalikuta bondeni.”

Shemeji akasema tela lina breki zake za umeme. Baba akatikisa kichwa. Breki za tela nazo ni vitambaa na chuma, nazo hupata moto. Akataka kujua injini itashika kiasi gani mguu ukiwa haujagusa breki. Alisema kwenye lori zuri unaanza mteremko ukiwa tayari kwenye gia ya kushukia, unawasha breki ya ekzosi, na mguu unabaki wa dharura.

Tuliporudi nilikaa na kalamu. Pikapu, tela na magari mawili ni kilo 9,600. Kutoka mdomo wa magharibi wa handaki la Eisenhower hadi Silverthorne ni kama kilomita 13 za mteremko wa asilimia 6 hadi 7. Ukishuka kwa kilomita 72 kwa saa, uzito huo unakusukuma kwa karibu kilowati 130. Upepo na matairi vinakula kama 30. Kilowati 100 zilizobaki lazima zipate pa kwenda. Ni sawa na kuwasha majiko 100 ya umeme ya kilowati moja moja na kuyaacha yawake dakika 11 mfululizo, na kama injini haisaidii, joto lote hilo linaishia kwenye breki.

Na huo ni mteremko mmoja. Baada yake unapanda na kushuka Vail Pass, mita 3,250. Ukirudi, kuna mteremko wa mashariki wa handaki, kisha ule wa mwisho kutoka Genesee kuingia Denver, ambako serikali ya jimbo imeweka mabango ya kuwaonya madereva wa malori kwamba bado hawajafika chini. Mwezi Aprili 2019, chini ya mteremko huo, Lakewood, lori lililokuwa limepoteza breki liliingia kwenye msongamano. Watu 4 walikufa na magari 28 yalihusika. Napita pale karibu kila wiki.

Nimesoma jinsi kila injini inavyoshika. Ya petroli ukiachia mafuta, kipepeo cha hewa hufunga, pistoni huhangaika kuvuta hewa ambayo haipiti, na kuhangaika huko ndiko kunakozuia gari. Lakini nguvu ya kuzuia inategemea mgandamizo wa hewa ya nje, na kwenye mita 3,400 mgandamizo huo ni kama theluthi mbili ya ule wa pwani. Kwa hiyo urefu wa milima unaipunguzia petroli nguvu ya kupanda na nguvu ya kushika pia. Dizeli kwa asili haina kipepeo cha namna hiyo, na dizeli isiyo na breki ya ekzosi hushika vibaya kuliko petroli. Hilo shemeji hakulijua, na ni muhimu kwa anayetaka kununua ya zamani. Lakini dizeli za miaka hii zina tabo ambayo mabawa yake hujifunga ukibonyeza kitufe, moshi unakosa njia, pistoni zinasukuma dhidi ya moshi uliobanwa, na gari linashikwa kutoka kwenye injini.

Nimefungua ukurasa mpya kwenye daftari na kuuandika KUSHUKA. Hesabu ya tarehe 2 ni sahihi ila ilikuwa inajibu swali dogo.

1 Machi

Jaribio la petroli. Muumini mwenzetu kanisani, mwenye shamba karibu na Fort Lupton, alitupa Ford F-350 yake ya petroli ya lita 7.3 kwa siku moja. Tela tuliazima, tukapakia magari mawili, tukapita mizani ya kituo cha malori: kilo 9,500 na ushei. Barabara kavu, upepo kidogo.

Kupanda kutoka Georgetown hadi handakini gari halikutuangusha. Lilishuka gia, likapanda mizunguko 5,000 na kubaki huko, tukaenda kati ya kilomita 65 na 75 kwa saa kwenye njia ya kulia pamoja na malori. Kelele ilikuwa kubwa, tulizungumza kwa kupaza sauti, lakini joto la maji na la giaboksi lilikaa mahali pake. Mtu akikuambia petroli haiwezi kupanda I-70 na tela, anatia chumvi.

Kushuka Silverthorne nilianza na kilomita 65, gia ya tatu, hali ya kuvuta tela imewashwa. Giaboksi ilifanya kazi yake vizuri, ikashuka hadi gia ya pili yenyewe nilipogusa breki, injini ikipiga kelele kama ya kupanda. Lakini kasi iliendelea kuongezeka polepole, kidogo kidogo, na kila baada ya muda mfupi ilinibidi nikanyage breki kwa nguvu, niirudishe, niachie, nisubiri. Shemeji alikuwa kimya, macho kwenye mshale wa kasi. Tulipoegesha Silverthorne na kushuka, harufu ilitufikia kabla hatujafika kwenye magurudumu. Mkono haukukaribia rimu za mbele. Ekseli ya nyuma ya tela ilikuwa na moto kuliko ya mbele, maana yake breki zake hazikugawana kazi sawasawa, nimeliandika hilo la kushughulikia.

Breki hazikufeli, na gari lilikuwa salama. Ila lilishuka kwa kutumia akiba, na ningependa akiba ibaki kwa ajili ya siku ambayo gari mbele yangu limegeuka kwenye barafu.

8 Machi

Jaribio la dizeli. Rafiki yetu mwenyeji wa Uvira anabebea watu mashine za ujenzi kwa F-350 ya dizeli ya 2019. Alikuja nayo mwenyewe, akakaa kiti cha pembeni. Tela lilelile, uzito karibu uleule, barabara ileile.

Kupanda hakuna cha kusimulia. Kilomita 95 kwa saa, mizunguko kama 2,300, tukiongea kawaida.

Juu kabisa, kabla ya kutoka handakini, nilibonyeza kitufe cha breki ya ekzosi. Ukiachia mafuta unasikia kama mluzi mzito kutoka chini, na mwili unasogea mbele kidogo kwenye mkanda. Mguu wangu kwa mazoea ulikwenda kwenye breki. Rafiki yetu akanizuia: “Ndugu, acha moteri itumike.” Nikaacha. Gari lilijishikia kilomita 70 kwa saa kwenye gia ya nne, likashuka ya tatu lenyewe palipozidi kuinama. Njia nzima hadi Silverthorne nilikanyaga breki ya mguu kwa ajili ya lori moja lililoingia mbele yetu, na mwisho kwenye taa.

Tulipoegesha, rimu za mbele zilikuwa na joto la kawaida la gari lililotembea. Shemeji aliweka kiganja chake pale, akaniangalia, hakusema kitu. Nilimpigia baba mkwe simu hapohapo.

Mke wangu amesoma kurasa hizi mbili jioni. Amesema hesabu yake haijabadilika hata senti, ila dola 9,000 sasa ameziandika kwenye safu ya breki na usalama, si kwenye safu ya mafuta. Tumekubaliana: dizeli.

14 Machi

Kwa kuwa tumechagua dizeli, tumechagua na matatizo yake, na afadhali tuyajue mapema.

Kubwa ni mfumo wa moshi. Chujio la masizi linajaa na kujichoma lenyewe likipata safari ndefu yenye joto. Ukitumia gari kwa safari fupi za mjini, haliwahi kujichoma likaisha, linaziba, taa zinawaka, gari linajipunguzia nguvu. Vihisi vya moshi na hita ya tangi la urea navyo hufa. Safari zetu ni za saa nyingi kwa mwendo mmoja, ndizo chujio hilo linazozipenda. Jirani yetu anayekata nyasi za watu akienda nyumba hadi nyumba ndani ya Aurora aliniuliza, nikamwambia achukue petroli bila kufikiri mara mbili.

Kuna gereji moja nje ya mji waliotuambia watatung'olea mfumo wote wa moshi kwa bei poa na “matatizo yaishe”. Tumekataa. Ni kinyume cha Sheria ya Hewa Safi ya Marekani, gari halipiti ukaguzi wa moshi wa Denver, na watoto wetu wanavuta hewa hiyohiyo. Serikali haikucheza katika hili: mwaka 2024 kampuni ya Cummins, inayoitengenezea Ram injini za dizeli, ilikubali kulipa dola bilioni 1.675 kwa sababu ya programu za kudanganya vipimo vya moshi kwenye pikapu za Ram, faini kubwa kuliko zote za kiraia chini ya sheria hiyo. Mwenye pikapu moja hana pa kujificha.

La pili ni pampu ya mafuta ya shinikizo la juu. Kwenye baadhi ya dizeli za miaka ya karibuni, pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakiingia, au mtu akijaza petroli kwa kupitiwa, inajisaga, vipande vya chuma vinasambaa hadi kwenye nozeli, na bili inafika maelfu ya dola. Dawa ni mafuta ya vituo vyenye wateja wengi, kumwaga maji kwenye kichujio kwa wakati, na filta kabla ya muda wake. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye kifuniko cha tangi: DIZELI TU.

29 Machi

Tumenunua. F-350 ya 2021, lita 6.7, matairi mawili nyuma, kikomo cha pauni 11,500, kibandiko kinasema pauni 3,590.

Nimeangalia vitu ambavyo muuzaji haviongelei. Nilipitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba la ekzosi. Kikitoka safi, chujio la masizi lipo na linafanya kazi. Kikitoka cheusi, limeng'olewa au limepasuka. Gari la kwanza tulilolipenda lilitoa kitambaa cheusi tiii, tukaondoka. Hili lilitoka safi. Tuliomba kuliwasha likiwa baridi kabisa asubuhi, halikutoa moshi wala kusitasita. Fundi alimwaga dizeli ya kwenye kichujio cha maji ndani ya chupa ya kioo, tukaiweka kwenye jua na kuigeuzageuza: hakuna chembe za chuma. Chini ya fremu tulitafuta kutu, kwa sababu Colorado humwaga kloridi ya magnesiamu barabarani wakati wa theluji, na dawa hiyo hula chuma na nyaya. Kutu ilikuwa ya juu juu kwenye boliti, tumeipiga brashi na kuipaka.

Tufe la gusineki limefungwa. Kidhibiti cha breki za tela kimo tayari kwenye dashibodi.

12 Aprili

Kazi imeanza. Joto la breki baada ya Silverthorne ni la kawaida, tunapima kila mara kwa kipimajoto cha mwanga, rimu kwa rimu, na mke wangu ana safu yake kwenye daftari. Mafuta yanakuja karibu na makisio, maili 11 na kidogo kwa galoni, kwa sababu upepo wa Glenwood Canyon hatukuutia kwenye hesabu. Tumejifunza kupakia gari zito mbele ya tela, lakini si mbele mno. Kusogeza gari moja nyuma kwa urefu wa mkono kunapunguza mamia ya pauni mgongoni mwa pikapu. Kila mzigo mpya unapita mizani kabla ya Morrison. Minyororo ya matairi inabaki bodini hadi Mei 31, kama sheria ya I-70 inavyotaka kwa magari ya biashara ya uzito wetu.

Binamu yangu wa Houston amesoma shajara hii na anataka kufanya kama sisi. Yeye anapeleka magari kutoka minadani hadi bandarini, barabara tambarare, safari fupi, usawa wa bahari. Nimemjibu anunue petroli ya daraja la 350, na pesa atakayobakiza aiweke kwenye matairi mazuri na breki za tela.

Yaliyobaki kwenye orodha: sumaku za breki za ekseli ya nyuma ya tela zimekwisha upande mmoja. Zimeagizwa, zitafungwa Jumamosi ijayo, na mpaka zifungwe tunabeba gari moja tu.